Namna ya Kumpata Komba Unayemtaka

Ukishuka stendi ya Mbinga, usimuulize mtu yeyote, "Samahani, kwa Komba ni wapi?" Utaonyeshwa barabara ya Litembo, utaonyeshwa barabara ya kuteremkia Ziwa Nyasa, utaonyeshwa duka lililo nyuma yako, na huyo anayekuonyesha huenda naye ni Komba. Ukigeuza ukasema unamtafuta Kapinga, bodaboda watatu watawasha pikipiki kuelekea pande tatu, na hakuna atakayekuwa amekosea. Ndunguru, Mapunda, Nchimbi, Hyera, Mbunda, Kinunda, Nyoni, Haule, Ngonyani, Mhagama, Gama: haya ni majina ya koo, na koo za mkoa wa Ruvuma ni pana. Jina moja linabeba askofu, mbunge, mwanahistoria, mchezaji wa Taifa Stars na mkulima wa kahawa, na wengi wao hawajawahi kuonana.

Mwongozo huu ni kwa mgeni mwenye haraka, kwa mwandishi wa habari anayekimbizana na muda wa gazeti, kwa karani wa chama cha msingi mwenye daftari la wakulima, kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu, na kwa kijana aliyeambiwa kwamba binti aliyempenda ni "wa akina Komba" na sasa anatafuta pa kupeleka barua ya posa. Naomba usomwe kwa makini, kwa sababu kwetu ukimchanganya mtu na mwenzake umemvunjia heshima yeye na baba yake pamoja.

Wengi huanza na cheo. Si vibaya kuanza nacho. Cheo kitakusaidia kuwatenganisha Makomba wawili wakubwa ambao mkoa huu umewatoa. Wa kwanza ni James Joseph Komba, aliyekuwa askofu wa Songea kuanzia 1969, na Songea ilipopandishwa kuwa jimbo kuu mwaka 1987 akawa askofu mkuu wake wa kwanza. Wa pili ni John Damiano Komba, kapteni wa jeshi, kiongozi wa Tanzania One Theatre, mbunge wa Mbinga Magharibi, na sauti iliyoliza nchi nzima redioni Oktoba 1999 Mwalimu Nyerere alipofariki. Mmoja aliimba misa, mwingine aliimba chama chake, CCM. Ukisema "Askofu Mkuu Komba" au "Kapteni Komba", kila mtu kuanzia Kigonsera hadi Mbamba Bay amekuelewa, na huyo wa pili kaburi lake utalikuta Lituhi, nyumbani kwao, ambako alizikwa mwaka 2015.

Tatizo ni kwamba cheo kinachakaa upesi. Jaribu kumtafuta "Profesa Ngonyani". Yupo Deo Ngonyani, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan nchini Marekani, aliyeandika sarufi ya Kingoni iliyochapishwa mwaka 2003. Alikuwapo pia Stephen Hilary Ngonyani, mbunge wa Korogwe Vijijini hadi alipofariki mwaka 2018, mganga wa tiba asili ambaye Tanzania yote ilimfahamu kama Profesa Maji Marefu. Tena bunge hilohilo lilikuwa na Ngonyani mwingine, Edwin Amandus Ngonyani wa Namtumbo, naibu waziri aliyeshughulikia ujenzi. Na kama hayo hayatoshi, katika bunge hilo pia alikuwamo Profesa mwingine, Profesa Jay, msanii wa hip hop aliyekuwa mbunge wa Mikumi, ambaye jina lake la cheti ni Joseph Leonard Haule. Haule nalo ni jina utakalolikuta kwa wingi ukifuata ufuko wa Nyasa kuelekea Ludewa. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimeongea na Profesa", muulize kwanza kama walizungumzia viambishi, mitishamba au mashairi ya hip hop.

Cheo kinashindwa vibaya zaidi pale watu wawili wa jina moja wanapofanya kazi ileile. Mwanafunzi wa historia, hapa nisikilize vizuri. Mwaka 1969 O.B. Mapunda na G.P. Mpangara walichapisha kitabu kidogo kuhusu Vita vya Majimaji katika Ungoni, nchi ya Wangoni. Mwaka 2010 Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekwisha kujulikana kwa utafiti wa tanuri za kale za chuma kule Ufipa, alitoa sura ya kitabu kuhusu vita hivyohivyo, katika Ungoni hiyohiyo, safari hii akiunganisha masimulizi ya wazee na vitu vilivyomo ardhini. Miaka 41 imewatenganisha, na mbinu zao hazifanani. Ukiandika tu "kama asemavyo Mapunda", umewafanya watu wawili kuwa mmoja, na msomaji wako hatajua ni nani aliyeongea na wazee tu na ni nani aliyechimba pia. Ongeza hapo Emmanuel Mapunda, askofu wa kwanza wa Mbinga tangu jimbo lilipoundwa mwishoni mwa 1986 hadi 2011, na Sixtus Raphael Mapunda, mbunge wa Mbinga Mjini kati ya 2015 na 2020, na utaona kwa nini nasisitiza.

Akina Ndunguru nao wanataka uangalifu. E. Ndunguru ndiye aliyeandika historia, mila na desturi za Wamatengo, watu wa milima ya Mbinga, kwa Kiswahili, kitabu kilichotoka Nairobi mwaka 1972, na hadi leo mtu yeyote anayetaka kuandika lolote kuhusu Umatengo lazima apitie kwake. S.N. Ndunguru aliandika riwaya kwa Kiingereza. Joseph Ndunguru ni mtafiti wa virusi vya mimea, mtu aliyetumia miaka mingi kuwinda maradhi yanayoozesha mihogo ya wakulima wetu, kisha akaongoza mamlaka ya serikali inayosimamia afya ya mimea na viuatilifu. Watatu hao wamelitumikia taifa kwa njia tatu. Kila mmoja anastahili kutajwa kwa kazi yake mwenyewe.

Sasa nakuja kwenye kosa linaloniuma kuliko yote, nalo ni herufi ya kwanza. Mtindo wa kufupisha jina la kwanza kuwa herufi moja na nukta ulikuja na vitabu, maktaba na madaftari ya ofisi, na mahali pengine huenda haudhuru. Kwetu unaangamiza. Andika "J. Komba": umemwita James askofu mkuu au John kapteni? Andika "J. Mhagama": mwaka 2015 Songea ilipeleka bungeni Jenista Joakim Mhagama kutoka Peramiho na Joseph Kizito Mhagama kutoka Madaba, majimbo yanayopakana. Andika "J. Haule": ni Joseph wa Mikumi, au ni Balozi John Haule aliyekuwa katibu mkuu wa Wizara ya Mambo ya Nje? Andika "L. Gama": ni Lawrence Gama, katibu mkuu wa CCM kati ya 1995 na 1997, au ni Leonidas Gama, mkuu wa mkoa wa Kilimanjaro aliyekuja kuwa mbunge wa Songea Mjini na kufariki mwaka 2017? Herufi moja haiwezi kumbeba mtu katika mkoa wetu. Imeanguka kila mara nilipoijaribu juu ya majina haya.

Na tuna bahati ambayo hatuitumii. Wabenediktini waliofungua Peramiho mwaka 1898 walitoka Ujerumani, na pamoja na shule, hospitali na karakana walileta kalenda ndefu ya watakatifu ambao sehemu nyingine za nchi hawasikiki. Ndiyo maana huku utakutana na Sixtus, Gaudence, Leonidas, Bertram na Amandus. Wageni hucheka. Wasicheke. Mtu anayeitwa Komba yuko kila mahali, lakini Komba aliyebatizwa kwa mtakatifu wa nadra hupatikana kwa swali moja tu. Mzazi wa Mbinga unayetarajia mtoto, nakusihi, usikimbilie majina matano ambayo kila mtu anayo mwaka huu. Fungua kalenda ya parokia, shuka hadi kwenye watakatifu waliosahauliwa, uchague hapo. Karani wa uandikishaji atakushukuru.

Ukishalipata jina la kwanza, omba jina la kati. Huu ndio ufunguo. Warusi waligundua jambo hili zamani wakalifanya kuwa sheria ya adabu. Katika fasihi yao wamo akina Tolstoy watatu wa ukoo mmoja: Lev aliyeandika riwaya kubwa ya vita vya Napoleon, Aleksey mshairi na mwandishi wa tamthilia aliyefariki mwaka 1875, na Aleksey mwingine aliyezaliwa mwaka 1883 akaandika riwaya juu ya Mfalme Petro Mkuu. Msomaji wa Kirusi hababaiki, kwa sababu kila Mrusi hubeba jina la baba yake katikati. Yule wa kwanza ni Lev Nikolayevich, mwana wa Nikolai. Aleksey mmoja ni Konstantinovich, mwingine ni Nikolayevich. Na kumwita mkubwa kwa jina lake na la baba yake pamoja ndiyo heshima yenyewe huko kwao.

Sisi tunalo jambo hilohilo, tena limo ndani ya kila fomu ya shule na kila kitambulisho cha taifa. John Damiano ni mwana wa Damiano. Joseph Kizito ni mwana wa Kizito. Tumepewa jina la kati bure, halafu tunaporudi kwenye meza zetu za kuandika tunaliruka kana kwamba ni pambo. Katika Bunge lililochaguliwa mwaka 2020 walikuwamo Kapinga wawili wa Mbinga kwa mpigo: Benaya Liuka Kapinga, mbunge wa Mbinga Vijijini, na Judith Salvio Kapinga wa viti maalumu, aliyeteuliwa naibu waziri wa nishati mwaka 2023. Uchaguzi wa 2025 ulipofika, kiti cha Mbinga Vijijini kikatoka kwa Kapinga kikaenda kwa Kapinga. Mwandishi aliyeandika kichwa cha habari kwa jina la ukoo peke yake aliwaacha wasomaji wa mbali wakidhani hakuna kilichobadilika. Lakini mtu aliyesoma "Liuka" na "Salvio" alijua mara moja kwamba hawa ni wa nyumba mbili na baba wawili.

Hapo mjini umemaliza. Kijijini kuna kazi nyingine.

Ukipanda milima ya Umatengo, swali la maana si "Komba yupi?" bali "Komba wa ntambo upi?" Ntambo ni mgongo wa mlima uliokaa kati ya vijito viwili, na kwa desturi ya Wamatengo mgongo huo hukaliwa na kulimwa na jamaa wa ukoo mmoja. Nyumba zimeshikilia mtelemko, kahawa na migomba vinazizunguka, na mashamba yamechongwa ngoro, yale mashimo ya miraba yanayozuia mvua isiuburute udongo hadi bondeni. Jamaa wakiongezeka na ardhi ikabana, vijana huvuka kijito kwenda kufungua ntambo mwingine, na jina la ukoo linakwenda nao. Kwa hiyo katika kata moja unaweza kuwakuta Makomba wa mgongo huu na Makomba wa mgongo ule, ambao babu zao waliachana zamani. Ukitaja ntambo, hata mtoto wa darasa la pili atakupeleka mpaka mlangoni. Usipoutaja, utazunguka hadi giza liingie.

Ukikosa wa kumuuliza ntambo, uliza jina la mtoto wake wa kwanza. Mzee ambaye cheti chake kinasema Komba, jirani zake humwita Baba Anna, na mkewe ni Mama Anna hata kama Anna mwenyewe sasa ana wajukuu. Mama huyo huenda ana majina mawili ya ukoo, la kwao na la mumewe, na watu wa alikozaliwa hawatakuelewa ukimtaja kwa jina la ndoa. Vijana nao wana mbinu yao simuni: Komba Kahawa, Komba Fundi, Komba Liuli, Mama Komba Samaki. Inafaa kabisa kwa simu. Haifai kwa tangazo la msiba, na nimesikia matangazo yaliyowafanya watu wapande gari kwenda kumlilia mtu ambaye walimkuta hai, ameketi uani anaambua mahindi.

Ukialikwa kwenye sengu, nenda. Zamani hapo ndipo wanaume wa ukoo walipokula pamoja kwa babu, wakapatana, wakaonyana, na vijana wakajifunza nani ni nani. Mgeni aliyekuja na jina la ukoo peke yake aliulizwa hapo mpaka uzi wake ukaonekana: baba yako nani, babu yako alitoka wapi, mlivuka lini. Kijana mwenye barua ya posa, haya ndiyo maswali yako. Jiandae nayo kabla, kwa maana wazee hawatapokea chochote mpaka wajue kama huyo Komba wako ni ndugu yao au ni jina tu.

Ukiteremka ziwani, kwenye wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga, hakuna ntambo. Huku mtu ni wa kijiji na wa pwani yake: wa Lituhi, wa Liuli, wa Mbaha, wa Kihagara, wa Chiwanda. Uliza pia kanisa. Liuli ni ngome ya Waanglikana tangu siku za Misheni ya Vyuo Vikuu, na hapo amezikwa Shemasi Mkuu William Percival Johnson, aliyelizunguka ziwa hili kuanzia miaka ya 1880 hadi alipofariki mwaka 1928. Namtaja kwa makusudi, kwa sababu naye ni mhanga wa jina la ukoo. Yupo Johnson mwingine ambaye kila mwalimu wa Kiswahili anamjua, Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, mwenye makamusi yaliyotoka mwaka 1939. Mmoja ni wa mitumbwi na sala, mwingine ni wa vidahizo. Walimu, tafadhali, msimzike Frederick kule Liuli.

Jihadhari pia na majina yanayovuka mipaka. Ukoo wa Gama hauna uhusiano wowote na Vasco da Gama, Mreno aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Gama wa Songea walikuja kwa miguu kutoka kusini kabisa, katika misafara ya Wangoni iliyovuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba. Baada ya Zwangendaba kufariki Ufipa, watu wake waligawanyika, na Zulu Gama ni mmoja wa walioongoza kundi lililofika huku. Huku nako walikuwa wametanguliwa na Wangoni wa Maseko, na kiongozi wao aliitwa Mputa. Nkosi, yaani mtawala wa Wangoni, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 aliitwa Mputa vilevile, lakini yeye alikuwa Mputa Gama. Usiwachanganye hawa. Mputa Maseko ni wa enzi ya kugombea nchi kabla Mjerumani hajafika. Mputa Gama ni wa kitanzi.

Kwa Nyoni nitapita haraka: Erasto Nyoni ni mwanasoka aliyezaliwa Songea na aliyeichezea Taifa Stars, Sithembiso Nyoni ni mwanasiasa wa Zimbabwe, na Nyoni ni kata ya wilaya ya Mbinga. Ukisema "nakwenda Nyoni" panda gari. Ukisema "nakwenda kwa Nyoni" uliza kwanza.

Mara chache sana jina la ukoo linakuwa familia kweli, na uwe na jicho la kuliona. Vita Rashidi Kawawa, aliyekuwa mbunge wa Namtumbo, ni mtoto wa Rashidi Mfaume Kawawa aliyekuwa waziri mkuu mwaka 1962 na tena kuanzia 1972 hadi 1977. Hapo jina la kati lenyewe limekwisha kukujibu. Lakini Emmanuel John Nchimbi, aliyekuwa mbunge wa Songea Mjini na baadaye katibu mkuu wa CCM, na Dkt. Rehema Nchimbi, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Singida, usiwafanye ndugu kwa sababu tu gazeti limewaweka ukurasa mmoja. Undugu hauandikwi kwa kukisia.

Na sasa Songea mwenyewe. Mji wa Songea ni jina la mtu, Songea Mbano, nduna (kiongozi aliye chini ya nkosi) wa Wangoni. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga watu 67 kwa ajili ya Vita vya Majimaji, na Songea naye akanyongwa. Pale kwenye Makumbusho ya Majimaji lipo kaburi la pamoja, na lipo kaburi lake peke yake, na wazee wanasema aliyezikwa humo hana kichwa, kwamba fuvu lilichukuliwa kwenda Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akakutana na kizazi cha Mbano, akaomba msamaha. Familia inachotaka ni fuvu lirudi. Lakini makabati ya makumbusho ya Ulaya yamejaa mabaki ya Waafrika yaliyoandikwa nambari tu, au jina la wilaya, au hayakuandikwa kitu. Aliyemchukua Songea angeandika jina lake kamili, la baba yake na la ukoo wake, kazi hii ya kumtafuta isingekuwa ngumu hivi. Hasara ya kumwandika mtu nusu inaonekana pale, juu ya lile kaburi.

Kwa hiyo nina ombi kwa watu wanne. Mhariri, kila unapoandika habari ya Ruvuma, weka majina matatu na kijiji, hata kama nafasi ni finyu. Punguza sifa za mheshimiwa, usipunguze jina lake. Mwanazuoni, mwandikie msomaji wako jina la kwanza la Mapunda unayemnukuu, kwa kirefu, angalau mara moja. Karani wa kahawa, usimlipe mkulima kwa jina la ukoo pekee wakati wenzake kumi wanalo. Weka jina la baba na la kijiji, kwa sababu ile ni ada ya shule ya mtoto wa mtu. Na wewe mwenye picha za zamani sandukuni, zile za harusi ya babu mbele ya kanisa la Litembo au za meli ufukweni Mbamba Bay, chukua kalamu leo, kabla bibi hajafumba macho. Muulize kila sura ni ya nani, andika nyuma jina lake, la baba yake, ntambo au kijiji chake, na mwaka kama anaukumbuka. Usiandike "mjomba Komba". Wajomba wote ni Komba.

Nawe uliye Komba, ukishuka pale stendi na ukaulizwa wewe nani, mtaje baba yako na kijiji chako kabla hujaulizwa mara ya pili.